Mwanamume Niliyemtunga

Nilipokuwa nimepanga Soweto, hapa Moshi, niliandika hadithi ya mapenzi na kuituma kwa sehemu kila jioni kwenye kundi la wasomaji kwenye simu. Mhusika wangu mkuu alikuwa tajiri mwenye wivu. Alimchagulia mpenzi wake nguo, alipekua simu yake, alimkataza marafiki. Wasomaji walimpenda sana. Nilijua nikimfanya agombe kisha akumbatie, siku hiyo kundi halitalala.

Asubuhi moja, nikiwa namenya ndizi za supu ya mtori, alinipigia msomaji wa Tarakea, mwanamke aliyekuwa akiuza vitenge. Alinishukuru kwanza. Mumewe alikuwa amemwachisha biashara na kumzuia kwenda kumwona mama yake anayeishi kijijini Mkuu. Zamani alikuwa akilia, alisema, lakini hadithi yangu imemfundisha kwamba yale ni mapenzi. Kisha akauliza lililomfanya apige.

"Dada, yule mwanamume atalegea sehemu ya ngapi? Nataka kujua nivumilie mpaka lini."

Hata mwisho sikuwa nimeupanga. Nikamwambia nitamjulisha.

Siku tatu sikuandika. Nilikwenda sokoni nikarudi bila nilichofuata. Siku ya nne nikampigia. Akapokea mwanamume, akauliza mimi ni nani na nataka nini kwa mkewe. Nikakata, halafu nikajuta kukata, maana sasa ni mkewe atakayeulizwa.

Jioni hiyo niliandika mpenzi wa tajiri akifungasha nguo zake na kwenda kwao, bila kuaga. Wasomaji walinikasirikia, wengine walisema nimeiharibu hadithi. Kabla ya saa mbili, yule wa Tarakea akatoka kundini. Sikujua kama ametoka mwenyewe au ametolewa na mkono mwingine.

Zilipita wiki nyingi ndipo akanipigia kwa namba ngeni. Alikuwa kijijini Mkuu, kihambani, kwenye shamba la migomba la mama yake. Alikwenda kumuuguza, akasema, na bado hajarudi kwake. Hakusema kama atarudi. Aliniomba tu kitu kimoja.

"Usimwandike vibaya sana. Ana mema yake."

Nikamuuliza anamsema yupi, wangu au wake. Akasema mama yake anamwita, mawingu yameshuka na kahawa bado imeanikwa nje.

Sehemu inayofuata sijaiandika. Wasomaji bado wanaiulizia.