Verlin Achagua Bastola

Mdogo wangu Verlin Stamper alivunja mawe ya chokaa katika machimbo ya hapa kwetu Indiana miaka thelathini na minne. Machimbo yalimpa mshahara, yakachukua nguvu za kifundo cha mkono wake wa kulia. Tangu mkewe afariki, kilichobaki kumtoa nyumbani ni mashindano ya shabaha ya kila Septemba, ya bastola za mtindo wa kale, zile za silinda ya kuzunguka, ambazo kila tundu unalishindilia baruti na risasi ya duara kwa mbele, kisha unalivalisha fataki ya kulipua kwa nyuma. Sheria ni mkono mmoja. Mwaka juzi mkono ulimtetemeka, akaondoka uwanjani kabla hajamaliza.

"Nikikosa bastola inayonikaa mkononi, basi," aliniambia garini. "Naacha."

Niliegesha gari mbele ya duka la silaha. Lilikuwa duka la nne wiki ile, na magoti yangu nayo yalikuwa na maneno yake.

Burl Hackney, mwenye duka, alipanga bastola nne juu ya kaunta. Verlin hakuzigusa.

"Zishindilie kwanza."

"Humu ndani? Unataka nifungiwe duka?"

"Weka unga wa mahindi badala ya baruti, na risasi tano kila moja. Fataki usiweke. Bastola tupu ni mwongo, Burl. Hapa ni nyepesi, inakupendeza; uwanjani inakugeuka."

Burl akaenda kutafuta unga huku akinung'unika, akazishindilia zote nne.

Kipimo chetu ni hiki: unafumba macho, unainua mkono kama anayenyoosha kidole, halafu unafumbua. Bastola iliyo yako utaikuta inatazama palepale ulipotaka. Verlin alichagua kichwa cha kulungu kilichotundikwa ukutani.

Ya kwanza ilikuwa na mtutu mrefu, kama aliyoizoea. Ikainama.

"Inatazama viatu vyako, mzee," Burl akasema. "Vimekukosea nini?"

Ya pili, mpini ulikuwa mfupi, kidole cha mwisho kikaning'inia hewani. Ya tatu ikapanda darini.

"Hiyo inawinda popo."

Ya nne ilikaa. Niliona mabega ya Verlin yakilegea. Kisha mkono ukaanza kutetemeka, na Burl akaacha mzaha. Verlin akailaza bastola taratibu.

"Basi, dada. Twende."

Nimemzidi miaka sita. Namkumbuka alivyoanza shule akishika penseli kwa mkono wa kushoto, na mwalimu wetu, Bi Eunice Tarr, akamfunga mkono ule kwenye kiti kwa utepe mpaka akajua kuandika kwa wa kulia. Mwenyewe hajawahi kulitaja.

"Jaribu kwa kushoto," nikasema.

"Nina miaka sabini na tatu. Unanirudisha darasa la kwanza?"

"Kule walikuonea. Jaribu."

Akafumba macho, akaiinua ile ya nne. Alipofumbua, ilikuwa katikati ya macho ya kulungu, imetulia tuli. Hakutabasamu. Alikuwa kama mtu aliyefika nyumbani akaambiwa bado kuna mlima mmoja.

"Nitapiga vibaya, dada. Mwaka mzima."

"Piga vibaya. Kukupeleka mazoezini ni juu yangu."

Akashusha pumzi. "Nifungie hii, Burl, naichukua."

Septemba iliyofuata alisimama mstarini, mkono wa kushoto mbele. Akawa wa ishirini na tatu kati ya watu ishirini na sita. Risasi zote alizimaliza.