Thuluthi Mbili na Robo

Asubuhi moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu. Nilikuwa nimesimama mbele ya ubao, chaki mkononi, na darasa zima la saba limenyamaza likingoja nikosee. Shule yetu ilikuwa karibu na mji wa Kabati. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa kuliko wote mle ndani, kwa kuwa nilikuwa nimefeli mtihani mwaka uliopita na sasa narudia. Mwalimu Kimanzi alikuwa ameandika ubaoni: thuluthi mbili ongeza robo. Nikajumlisha namba za juu, nikajumlisha namba za chini, nikaandika tatu juu ya saba.

Watoto wakacheka. Mwalimu hata fimbo hakuinua. Alisema tu, "Musembi, rudi ukae. Wengine hawakuumbiwa hesabu."

Heri angenichapa.

Nikueleze nilivyofika pale. Nikiwa darasa la nne mvua ilikataa, na baba akanituma na ng'ombe kwenye kyengo, ile kambi ya malisho ya mbali ambako vijana hulala na mifugo mpaka nyasi zirudi nyumbani. Simlaumu baba. Bila ng'ombe wale tungekula nini? Lakini muhula ule ndipo wenzangu walipofundishwa sehemu, yaani kugawa kitu kizima vipande. Niliporudi walikuwa wameshapita, na hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Mimi nami niliona haya kuuliza. Nikajifunza kuinamisha kichwa, kuchungulia jibu la jirani na kuliandika mbio kama mtu anayejua. Kila jambo jipya lililokuja, asilimia, uwiano, liliwekwa juu ya lile nisilolijua. Hivyo hivyo mpaka darasa la saba.

Siku hiyo ya ubao nilikwenda nyuma ya darasa, nikavua sweta ya shule, nikaamua siingii tena. Ndipo Mwalimu Mbula akanikuta. Huyu mama alinifundisha kusoma nikiwa darasa la pili, na yale ya ubaoni alikuwa ameyaona dirishani.

"Musembi, kwani ni nini?"

"Mwalimu, mimi ni mjinga. Wacha niende nyumbani."

"Nani amekupima akaona ujinga?" Alikuwa amekasirika kweli. "Wewe hujawahi kufanya hesabu hata moja. Unanakili majibu tu. Chukua hicho kijiti, nichoree shamba hapa chini, uligawe mara tatu."

Nikachora mchangani.

"Mbili kati ya hizo tatu. Ni zaidi ya nusu ya shamba ama si nusu?"

"Ni zaidi."

"Na tatu juu ya saba?"

Nikachora shamba lingine, nikahesabu vipande. "Haifiki nusu."

"Kwa hivyo ulikuwa na zaidi ya nusu, ukaongezewa robo, halafu ukabaki na shamba lisilofika nusu. Ni nani amekuibia?"

Nilicheka, mwanangu, huku machozi yakinitoka.

Akaniambia vipande visivyolingana havijumlishwi. Kwanza tafuta namba ambayo tatu inaingia na nne inaingia: kumi na mbili. Thuluthi mbili ni nane juu ya kumi na mbili. Robo ni tatu juu ya kumi na mbili. Sasa vipande vinalingana. Nane na tatu ni kumi na moja, kwa hivyo jibu ni kumi na moja juu ya kumi na mbili. Nilipotaka kuruka hatua akanikemea: "Kila hatua na mstari wake! Halafu liangalie jibu. Shamba limekaribia kujaa? Basi."

Tangu hapo kila jioni tulirudi kwenye hesabu za darasa la nne. Lakini mtihani haukutungoja. Ulipofika tulikuwa tumemaliza sehemu na kugusa asilimia tu. Maswali ya sehemu niliyapata, najua niliyapata. Kurasa zilizobaki niliziangalia mpaka karatasi zikakusanywa.

Nilifeli. Baba akasema kwa upole, "Tumejaribu. Ndugu zako nao wanangoja karo." Mwalimu Mbula alikuwa amehamishiwa Mbooni, na sikumwona tena. Mimi nikaenda Emali kupakia magunia kwenye malori, na nguvu za ujana wangu zikaishia huko.

Watu hudhani kinachoniuma ni kule kufeli. Hapana. Nilipojiona mjinga nilikuwa nimetulia, kama mtu aliyezaliwa na mguu mfupi. Lakini siku ile nilijua kichwa changu ni kizima, na nililijua hilo nikiwa nimeshachelewa. Tangu hapo sijatulia, na uzee huu haujanisaidia.

Ndiyo maana jana nilipokuona ukifuta daftari mpaka karatasi ikatoboka, roho yangu ilishtuka. Usifute, mwanangu. Andika hatua moja, kisha nyingine, na pale unapokwama pawe wazi mtu apaone. Rudi nyuma hadi kwenye kitu cha mwisho unachokijua kwa hakika, hata kama ni cha watoto wadogo, uanzie hapo. Jibu ukilipata, liulize kama lina maana. Na siku unayopotea, siku hiyo hiyo inua mkono. Wacha wacheke. Kicheko chao kitaisha kabla kengele haijalia, lakini kimya changu hakijaisha hadi leo.

Mungu akubariki, akupe mwalimu mwenye subira, na akufungue kinywa mapema kuliko alivyonifungua mimi.