Nani Aliandika Kifo cha Musa?

Kama vitabu vitano vya kwanza vya Biblia viliandikwa na Musa, nani aliandika kwamba Musa alikufa, akazikwa, na kaburi lake halijulikani hadi leo?

Niliuliza hivyo nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu, katika darasa la Biblia la kanisa letu la Wakenya, lililokuwa likikodi ukumbi wa shule huku ughaibuni, mtaa wa Handsworth. Sikuwa na jibu, wala sikuwa nikimtega mtu. Mchungaji alifunga Biblia yake polepole, akasema kuna roho inayopenda kuuliza kuliko kutii. Wakaniombea. Jumapili iliyofuata alimwita mama kando, karibu na birika la chai, mimi nikiwa nimewapa mgongo nikiosha vikombe. Mama hakuniambia walichozungumza. Nilijua tu kwamba hakunitetea, maana angenitetea ningesikia. Mama yangu si mtu wa kunong'ona.

Oktoba hiyo rafiki yangu wa chuo, Myahudi, alinialika kwenye sinagogi lao la Wayahudi wa Mageuzi, ambako wanaume na wanawake huketi pamoja na rabi wao ni mwanamke. Ilikuwa sikukuu ya kumaliza kusoma Torati na kuianza upya papo hapo. Torati yao ni gombo moja refu la ngozi, na jioni ile walilikunjua lote. Tulilishika tumezunguka ukumbi mzima, wazee, watoto, mwanamume mmoja katika kiti cha magurudumu, na wageni kama mimi, kila mtu ameshika ukingo wa juu tu, vidole visiguse maandishi. Mwanzo na mwisho vikakutana karibu na mlango.

Mimi niliangukia katikati. Rafiki yangu alichungulia akaniambia hapo ni sheria za magonjwa ya ngozi. "Tumekuwekea wewe," akasema. "Usijikune."

Yeye alikwenda kusimama mwishoni, kwa kuwa ndiye aliyepewa kusema neno juu ya sura ya mwisho. Akauliza: kama haya aliyaandika Musa, kifo chake kiliandikwa na nani?

Swali langu, na sikuwahi kumwambia. Nikangoja mtu afunge kitabu. Lakini hakikuwa cha kufungwa. Ukumbi mzima ulikuwa umekishika. Mzee mmoja akasema ni Yoshua. Mwingine akasema wahenga wao walifundisha kuwa Musa aliandika mwenyewe, huku akilia. Rabi akasema yeye anaamini waandishi walikuwa wengi. Wakabishana mikono ikiwa juu, mpaka mtoto mmoja akalalamika kwamba yeye amechoka kushika. Hakuna aliyeombewa. Mama wa rafiki yangu, aliyesimama kando yangu, aliniinamia. "Hilo alianza kuuliza akiwa mdogo kabisa," akasema, kwa sauti ile mama zetu huitumia mtoto akifaulu mtihani.

Sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea rafiki yangu dakika ile. Dini yake sikuitaka; nisingeiamini hiyo pia. Nilitaka ukumbi ule. Nilitaka mama yule. Walipoanza kucheza, rafiki yangu alinivuta mkono, nikasema miguu inauma. Nikala keki yao ya asali nikiitafutia kasoro, nikaikosa.

Nyumbani nilimkuta mama akipiga pasi sare ya kazi yake ya makao ya wazee. Nikamsimulia yote, na sikulegeza maneno.

"Kwa hivyo walisema ni nani?" akauliza, pasi ikiendelea.

"Walibishana tu."

"Na baadaye wakala pamoja?"

"Wakala."

"Basi hao ni watu," akasema. Nilidhani ananikejeli, nikaenda kulala bila kumuaga.

Siku zile mama alikuwa ameacha kuongoza maombi ya akina mama, na kanisani alikaa viti vya nyuma. Alisema shifti zimebadilika. Nilimwamini, mimi niliyekuwa siamini kitu.

Nilikuwa nimeshamaliza chuo na kuhama nyumbani nilipokutana na mama mmoja wa kwaya kwenye harusi huko Balsall Heath, naye akaniambia akidhani nilijua. Mchungaji alimtaka mama anikataze kuuliza, ama arudishe kitambaa cha buluu wanachofunga viongozi wa maombi ya akina mama. Mama alikivua kichwani pale pale karibu na birika la chai, akakikunja vizuri, akamkabidhi.