Nilivyokwenda Buffalo Kusikiliza Saksafoni ya Binti Yangu

Nisingefika Buffalo kama si saksafoni. Binti yetu Riziki alikuwa mwaka wa pili chuoni huko, na sisi, Warundi wa huku Louisville, Amerika, tulijua anasomea muziki. Tukadhani ni kinanda na nyimbo za kwaya. Mwezi wa tatu mwaka 2016 akatutumia picha kwenye simu, amekumbatia saksafoni, nyuma yake watu wa ngoma na tarumbeta. Akaandika kwamba sasa anasomea jazi, na mwezi ujao wana onyesho kubwa. Baba Riziki ni mzee wa kanisa. Aliitazama picha ile muda mrefu, kisha akanirudishia simu.

"Huo ni muziki wa dunia," akasema. "Mimi siendi. Nenda wewe ukasikie kwa masikio yako. Ukikuta ni muziki wa baa, urudi naye."

Tangu siku hiyo hakumpigia mtoto simu. Kurudi naye kulikuwa na maana moja tu: Riziki aache chuo, aje kufungasha maboksi pamoja nami kazini kwangu, ghalani. Nilikubali kwenda.

Ijumaa asubuhi, Iroquois, mtaa wetu hapo Louisville. Nilipata lifti ya Mama Furaha, jirani yangu Mkongo, aliyekuwa anakwenda Columbus kumwona dada yake. Mama Furaha haendeshi gari akiwa amenyamaza.

"Bon, Mama Riziki, mimi siko nasema mubaya ya mutoto," alianza kabla hata hatujavuka mto. "Lakini saxo? Kule Uvira tulikuwa tunaisikiaka mu ma-bar tu. Batu banakunywa, banacheza, donc... unaelewa."

"Naelewa. Ndiyo maana naenda."

"Na kama ni ya bar?"

"Nitarudi naye."

"Utamutia mu bus kwa nguvu? Ule mutoto iko murefu kukupita."

Nikacheka, ingawa sikuwa na hamu ya kucheka. Safari yote ilikuwa mashamba matupu yanayosubiri kulimwa, na Mama Furaha akinisimulia habari za bosi wake.

Columbus, mchana. Mwenyeji wangu alikuwa Tumaini, Mtanzania wa Kasulu anayesomea historia, amepanga chumba karibu na chuo kikuu. Tulifahamiana kwenye harusi moja Louisville, na tangu hapo ananiita mama. Alinipokea kwa shikamoo, ugali na samaki, kisha akafungua kompyuta nisikie muziki wa aina ile. Nikasikia fidla na tarumbeta zikipishana. Nikamwuliza mbona hauna maneno.

"Mwingine unayo, mwingine hauna," akanijibu. "Lakini si muziki wa kulewea, mama. Watu weusi wa hapa walipodai haki zao, wengine waliandamana, wengine walifungwa, na wapiga muziki wakaandika muziki. Wa jazi waliandika, na wa okestra waliandika. Huo wa Riziki ameutunga mwalimu wake. Unahusu watu waliokataa kupanda basi."

Akanieleza kwamba katika mji mmoja wa kusini mtu mweusi alilazimishwa kumwachia mzungu kiti ndani ya basi. Kwa hiyo watu weusi wakayasusa mabasi. Wakaenda kazini kwa miguu, mvua na jua, zaidi ya mwaka mzima, mpaka sheria ikabadilishwa. Mimi hupanda basi kila siku kutoka Iroquois hadi kazini, nakaa popote penye nafasi. Sikuwahi kujiuliza nani alinitafutia kiti hicho.

"Na Mungu yuko wapi katika hayo?" nikauliza, maana hilo ndilo swali nililotumwa nalo.

"Mikutano yao waliifanyia kanisani, mama."

Nikasema nimesikia. Lakini kukutana kanisani ni jambo moja, na saksafoni ni jambo jingine.

Jumamosi asubuhi nilipanda basi la safari ndefu. Baada ya Cleveland ziwa likajitokeza upande wa kushoto, la kijivu, kubwa kama la kwetu Tanganyika ila halina milima ng'ambo. Buffalo ilinipokea kwa theluji, na ni mwezi wa nne. Riziki alikuwa ananisubiri kituoni. Alinikumbatia, kisha akasema kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi yake: "Mama, umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kusikiliza," nikamjibu. Hakuniuliza tena.

Jioni, ukumbini. Nilikaa safu ya tatu, karibu na bibi mmoja Mmarekani mweusi mwenye kofia ya zambarau. Upande mmoja wa jukwaa fidla, upande mwingine ngoma, tarumbeta, na Riziki wangu katika gauni jeusi. Mpiga ngoma akaanza taratibu, nikasikia miguu. Si ya kucheza, ni miguu ya watu waliochoka ambao bado wanatembea. Miguu hiyo naijua. Nilitembea hivyo kutoka Ruyigi, kwetu Burundi, hadi mpakani tukikimbia vita, nikiwa msichana, mama yangu akiwa mbele. Kisha saksafoni ikaingia, ikawa kama inawaita waliobaki nyuma. Machozi yakanitoka, wala sikuyazuia.

Sehemu ya kwanza ilipoisha, ukumbi ukawa kimya. Baadaye nilielezwa kuwa huko watu hawapigi makofi mpaka muziki wote umalizike, lakini wakati ule sikujua. Kwetu kanisani mwimbaji akikugusa, unaondoka kwenye benchi, unakwenda mbele, unamfuta jasho kwa kitenge, unarudi kukaa. Huombi ruhusa, na hakuna anayekushangaa. Hafutwi jasho ila yule anayemwimbia Mungu.

Nilishtukia niko jukwaani, kitenge mkononi, namfuta Riziki paji la uso.

"Mama, kaa," akaninong'oneza kwa Kirundi, macho yamemtoka.

Kiongozi wa okestra alishusha fimbo yake akasubiri. Hapo ndipo aibu ikanishika. Kurudi kwenye kiti kulikuwa safari nyingine. Bibi wa kofia akanishika mkono, hakuuachia mpaka mwisho. Sehemu ya pili ilianza na saksafoni peke yake, na Riziki aliipiga bila woga wowote.

Watu walipomaliza kupiga makofi, yule bibi aliniambia polepole, kwa Kiingereza ninachokiweza: "Mama yangu alikuwa mmoja wa wale waliosusa basi. Alikwenda kwa miguu kuwapikia watu, akarudi kwa miguu. Jioni tulikuwa tunamwosha miguu."

Riziki alinifuata amekunja uso. Aliniambia nimemwaibisha mbele ya walimu. Kisha akatulia, maana amekulia katika kanisa letu. "Kwa hiyo ninabaki?"

"Mimi nimeshasema pale mbele," nikamwambia. "Bado baba yako."

Jumapili nikashika njia ya kurudi, na Columbus Mama Furaha akanipitia. Alitazama kiti cha nyuma, akaona hakuna mtu. Akawasha gari, tukaondoka. Njiani nikawa nawaza kwamba nilikuwa nimeishi Amerika miaka mingi bila kuwajua waliotembea kabla yangu, na aliyenitambulisha kwao ni mwanangu.

Louisville, nyumbani. Baba Riziki alikuwa mezani. "Yuko wapi?"

"Nilimfuta jasho," nikasema. "Mbele ya watu wote."

Akaweka kijiko chini. "Kwa kitenge?"

"Kwa kitenge."

Akaomba simu yangu, akampigia mwenyewe. Nilisikia sauti ya Riziki ikiitika kwa woga.

"Ni baba," akasema. "Mtapiga tena lini? Niambie mapema, niombe ruhusa kazini."