Kitufe Chekundu cha Kukinga

Jina langu lifichwe, na la mtaa wetu pia. Nina miaka thelathini na moja, sijaolewa, naishi hapa Uvira na mama yangu. Nina chumba cha michezo ya video, televisheni mbili tu. Wengi huja kwa ajili ya mpira, lakini kazi ninayoipenda ni kufundisha wageni, wale ambao hawajawahi kucheza, mchezo wa kupigana. Msinicheke. Nimewachapa wanaume wengi kwenye skrini nikiwa nimevaa kitenge.

Kazi hii niliianza na kaka yangu. Mgeni akishika manete, kile kidude cha mkononi cha kuchezea, anafinya vitufe vyote kama anaua siafu, anapigwa, anakasirika, harudi tena. Kaka akaweka sheria: siku tatu za kwanza mgeni asipige kabisa, akinge tu, na sisi tumtajie kila pigo kabla ya kulitupa. Juu, chini, mguu. Ili wasipotee, alichukua rangi yangu ya kucha, nyekundu, akapaka kitufe cha kukinga kwenye kila manete. Nilimgombeza siku nzima kwa sababu ya rangi ile.

Miaka minne iliyopita manete moja iliharibika. Fundi wetu alikuwa amekimbilia Lubarika kwa sababu ya vita. Kaka aliitia kwenye mfuko wa plastiki, akapanda baiskeli asubuhi, akaenda. Hakufika. Hatukuona baiskeli wala mwili. Mama anawaambia watu kwamba alivuka kwenda Burundi, na mpaka leo anafua shati lake kila Jumamosi.

Miezi miwili iliyopita alikuja mwanaume mmoja, mfyatua matofali, mpole, hajawahi kugusa mchezo. Nilimpa manete. Akakitazama kile kitufe chekundu, akakisugua kwa kidole gumba.

"Mwalimu, hii kintu minye nishaionaka," alisema. "Wakati nilikuwa mu vita, kwa barieri, pale tulikuwa tunasimamisha watu, njia ya Lubarika. Muntu moja alikuwa nayo mu sashe ya plastiki. Tulisema iko ya kuongea na maadui, hii nyekundu njo ya kuwaita."

Nilishika manete yangu. Akaongeza, "Alisema iko ya kucheza. Hakuna mwenye alimwamini. Kumbe alisema kweli."

"Kinga," nikamwambia. "Napiga juu."

Ndiyo, ndugu zangu, hivyo tu. Sikulia, sikumfukuza. Nilipiga juu, akakinga. Nikapiga chini, akakinga. Nilipofunga chumba nilienda sokoni kununua sabuni ya mama ya kufulia.

Amekuja kila siku tangu hapo. Siku zake tatu ziliisha zamani, lakini hataki kupiga, anasema anapenda kukinga. Sasa ananisaidia kufundisha wageni, na wanampenda kuliko mimi. Anawatajia mapigo vilevile kama kaka alivyokuwa akitaja, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha. Hajui manete ile ilikuwa ya nani. Mama naye humpelekea bugali na ndagala, vile visamaki vya ziwani, anamwita mutoto wangu.

Natafuta hasira ndani yangu siipati. Hata huzuni siioni. Naogopa kwamba nimekuwa mtu mbaya. Ninachojua ni kwamba nikimuuliza swali moja tu, nitajua walimfanya nini kaka yangu, na yeye mwenyewe alifanya nini siku ile. Na mama atakuwa na shati la mtu ambaye harudi.

Ningeendelea kunyamaza, lakini Jumamosi hii mama aliniita akiwa anaanika nguo.

"Weye, umuulize ule mutoto wako wa matofali," alisema. "Ananiambia alitembeaka sana mu Ruzizi, kule njia ya Lubarika. Labda alimuonaka kaka yako."

Nilimwambia sawa, mama.

Kesho saa nne asubuhi atakuja kama kawaida. Ninyi mlio na mama kama wangu, niambieni: nimuulize, au nimwambie mama kwamba nilimuuliza na akasema hakumuona?