Kitabu Nilichokisoma Edani

Wanawake wa Ndagoni waliokuja kunitazama nikiwa edani walidhani namsomea marehemu. Kila siku walinikuta mkekani, nimejifunika kanga kuukuu, kitabu chenye jalada la karatasi ya kaki mapajani, machozi yananitoka. "Mashallah," walisema, "mwalimu anamsomea mumewe." Nikageuza ukurasa. Kusema kweli ilikuwa riwaya ya Kizungu, ile ninayowafundisha kidato cha nne, ya jumba kuukuu lililo juu ya kilima na mwanamke aliyependwa na wanaume wawili.

Mwandishi wake ana ujanja mmoja. Yule bwana mkali, kila akitokea, kuna upepo, mawe na miiba. Yule mpole, ambaye ndiye aliyemwoa, anapewa bustani, umande na jua la asubuhi. Miaka mingi niliwachorea wanafunzi safu mbili ubaoni, kisha nikawaambia, kwa ujuaji wa mtu asiyejua kitu, kwamba penzi la kweli liko safu ya kwanza.

Nyumbani nilikuwa na mtu wa safu ya pili. Mume wangu alikuwa wa minazi na mikorosho yake. Akirudi shamba huniwekea dafu mlangoni, limekwisha chongwa, asiseme neno. Nikifoka, huchukua jembe akaenda kupalilia mihogo mpaka nimalize. Nilimwona mtu baridi. Siku moja alinisikia nikitayarisha somo, akauliza, "Na mimi niko upande gani?" Nikacheka, nikamwambia, "Wewe humo kabisa." Akacheka na yeye.

Katika maisha yetu yote sikumbuki kumwambia kwamba nampenda. Edani jambo hilo ndilo lililonitesa: alikufa akijua, au hakujua?

Wifi yangu, dada yake marehemu, ndiye aliyeniletea chakula. Alikuja moja kwa moja kutoka kwenye mwani, kanga imelowa hadi magotini. Alasiri moja aliweka bakuli la wali, akaketi.

"Wifi, hebu soma kwa sauti, na mimi nisikie kaka yangu anavyoombewa."

Siku za mwizi ni arubaini, na zangu zilikuwa zimetimia. "Si dua, wifi," nikasema. "Ni hadithi ya mapenzi."

Nilingoja anifokee. Yeye akakung'uta mchanga miguuni, akasema, "Basi soma hiyo hiyo."

Nikamsomea, nikigeuza Kizungu kuwa Kiswahili, mahali ambapo yule mume mpole anakaa peke yake bustanini, ndege wanalia, na mkewe yuko dirishani anatazama kilimani kwa mwingine. Wifi alisikiliza bila kunikatiza.

"Huyo mke," akauliza, "alimpenda mumewe?"

Kitabu kinasema hapana. Hata kwenye mtihani jibu ni hapana, na nimewapa vema watoto wengi kwa kuliandika. Nikakifunga.

"Alimpenda," nikasema. "Alimpenda sana, wifi." 

Wifi akanitazama. Hakuwa na hasira. Nadhani alinihurumia, na hilo liliniuma zaidi.

"Ungemwambia mwenyewe," akasema, akanisogezea wali kabla haujapoa.