Mama na Ukurasa wa 143

Mama yangu alianza kitabu kimoja mara saba. Mara zote saba aliishia ukurasa wa 143, akarudi mwanzo.

Mara ya nane sikumpa nafasi.

Najua mtanitukana mkifika mwisho. Mna haki. Mimi mwenyewe nimeshajitukana vya kutosha, ila sijaona kama kuna kilichobadilika.

Mimi ni muuza dawa. Mwaka wa kumi na moja huu niko nyuma ya kaunta ileile. Kazi yangu ni kuwaambia watu: hii kutwa mara tatu, hii baada ya kula, hii usitafune. Ukiifanya kazi hiyo muda wote huo unaanza kuamini kwamba kila mtu ana tatizo, na dawa yake iko kwenye rafu yako.

Na mimi ndiye niliyeanzisha kundi la wasomaji kwenye simu.

Kundi lenyewe halina makuu. Tuko sitini na kitu. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana kila mtu anatuma picha ya kitabu anachosoma, ukurasa aliofika, na moyo wake unasemaje. Basi.

Sheria ni moja tu, hakuna kumwaga mwisho. Ukitaja kitabu kinaishaje, nakufungia wiki mbili, na kwenye hilo sina undugu na mtu. Mwalimu mstaafu, mtu mzima na heshima zake, aliteleza nusu sentensi na nikamfungia.

Sasa kuna kaka yangu.

Kaka alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Alifariki mwaka juzi, breki za lori zilikataa kwenye mteremko. Hapo sitaingia sana. Tulikuwa wawili kwa mama yetu, nikabaki peke yangu.

Baada ya msiba mama alinyamaza. Angelia ningejua la kufanya, lakini alinyamaza tu. Alikuwa fundi cherehani tangu sijazaliwa, na cherehani ikafunikwa shuka kama mgonjwa.

Nikasema dawa yake ninayo. Nikamwingiza kwenye kundi.

Jumapili ya kwanza kimya. Ya pili akatuma picha ya kitabu chenye jalada la kijani, kona zimelika. Chini akaandika, "Nipo ukurasa wa 20. Huyu mama anakwenda kituo cha treni kila siku kumngoja mwanawe. Miguu itamuuma."

Watu wakampenda hapohapo.

Kuna kinyozi kwenye kundi letu, anasoma mteja mmoja akitoka na mwingine hajaingia. Akamjibu, "Mama, mwambie akae kwenye benchi."

"Benchi limejaa wavuta sigara," mama akaandika.

Nilicheka dukani mpaka mteja akaniuliza kama niko salama. Miezi minne sikuwa nimemsikia mama akitania.

Kitabu nilikifahamu, nilishakisoma zamani sana. Mtoto anaondoka kwenda kutafuta maisha, haandiki barua, mama yake anamngoja kituoni. Hakuna la ajabu, lakini kinakuliza.

Jumapili zikaenda. Ukurasa wa 58. Wa 90. Wa 121. Halafu wa 143: "Wamemwambia kituo kinafungwa, arudi nyumbani. Amekataa. Leo nimeumia."

Wote tukawa tunasubiri Jumapili inayofuata.

Ikafika. Picha ileile. "Nipo ukurasa wa 15. Huyu mama anakwenda kituoni kila siku."

Nikadhani amekosea kuandika. Wiki iliyofuata, ukurasa wa 49. Akapanda hivyohivyo mpaka 143, akaandika tena kwamba ameumia. Kisha akarudi mwanzo.

Mara ya tatu nikaenda kwake. Nilimkuta anakunja nguo.

"Mama, kile kitabu si ulishafika mbali?"

"Nimerudia."

"Kwa nini?"

"Kizuri." Akanipa ncha za shuka nimsaidie kukunja.

Mimi ni mtu wa dawa, jamani. Akili yangu ilikwenda moja kwa moja kwenye ugonjwa wa kusahau. Nimewaona wazee wanakuja dukani kununua dawa waliyonunua asubuhi yake.

Mara ya tano nikampeleka kwa daktari. Akamuuliza siku, mwezi, mwaka. Akamwambia ahesabu kurudi nyuma kutoka mia. Mama akajibu vyote, kisha akasema, "Na kifungo chako cha pili, mwanangu, kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Ukija nyumbani nitakubadilishia."

Daktari akaniambia mama yangu ana akili kutushinda sote wawili.

Mimi nikajisemea, huyu daktari mwenyewe juzi tu ameota ndevu. Wenzangu, mtu akishaamua jibu, hata umwekee ukweli mezani ataufuta kama vumbi.

Mara ya sita. Ya saba.

Jumapili moja mwanachama mgeni, hata wiki hana, akaandika, "Huyu bibi kila siku kituoni, kwani treni imepata pancha?" Watu kama ishirini wakatuma vicheko. Hawakuwa na ubaya, lakini walicheka.

Nilishikwa na aibu. Ningependa kuwaambia nilishikwa na huruma, ila nimeahidi kusema kweli. Niliona aibu kwamba mama wa mwenyekiti anachekwa kwenye kundi la mwenyekiti.

Nikaandika, mbele ya watu wote sitini na kitu:

"Mama, hiki umekirudia mara saba na leo umeanza ya nane. Ngoja nikusaidie kumaliza. Mtoto anarudi. Anashuka kwenye treni ya mwisho, ukurasa wa 210, wanakumbatiana, hadithi inaisha. Haya, wiki ijayo tuletee kingine."

Mwishoni nikaweka kikatuni cha kucheka.

Mimi, mlinzi wa sheria, nimemwaga mwisho mchana kweupe. Mwalimu mstaafu aliandika neno moja tu, "Mwenyekiti."

Nikaona mama anaandika. Anaacha. Anaandika tena.

"Asante mwanangu. Kumbe anarudi."

Dakika mbili baadaye akatoka kwenye kundi.

Nikajipa moyo kwamba kanuna, atatulia. Jumatatu nikaomba ruhusa kazini, nikafika kwake saa tisa mchana. Alikuwa amekaa karibu na cherehani, kitabu kiko mapajani, kimefungwa.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilifika sentensi ya pili.

"Kaa," mama akasema. "Shika. Kifungue."

Nikakifungua. Kurasa za mwanzo zilikuwa laini kama kitambaa kilichofuliwa sana, na pembeni zilikuwa na alama nyeusi za vidole. Grisi. Mama hajawahi kushika grisi maishani mwake, hata cherehani yake aliipaka mafuta kwa kutumia unyoya.

Alama zilikwenda ukurasa kwa ukurasa. Baada ya 143 hakuna hata moja. Kurasa zilikuwa nyeupe, ngumu, nyingine bado zimeshikana.

"Kilikuja kwenye begi la kaka yako," mama akasema. "Lile ulilosema tulitupe."

Ni kweli nilisema. Begi lilikuwa linanuka moshi na sikuweza kukaa nalo chumba kimoja. Sikuwahi kuuliza lilikuwa na nini.

"Akiwa anasubiri kushusha mzigo alikuwa ananipigia. Anasema, mama, una nafasi? Ananisomea. Siku nyingine kurasa mbili, siku nyingine kumi. Wenzake wanalala chini ya malori, yeye ananisomea."

"Sikujua."

"Ulikuwa kazini." Hakusema kwa kunilaumu, na afadhali angelaumu. "Tulikuwa tunabishana. Mimi nasema yule mtoto atarudi. Yeye anasema, mama, hadithi za namna hii mtoto harudi, mwandishi anataka tulie. Tukawekeana kwamba atakayeshindwa afue mapazia ya nyumba nzima."

Alitabasamu kidogo. Nilijua ni kwa ajili ya kaka, mimi nilikuwa nimekaa tu hapo.

"Siku ile alifika 143, akaitwa, mzigo uko tayari. Akaniambia, nitamaliza mwenyewe leo nikifika, halafu nitakupigia kukwambia nani kashinda."

Nyote mnajua kwamba hakupiga.

"Mimi najua kusoma, mwanangu. Zile kurasa zilizobaki ningezimaliza kwa siku moja. Lakini nikifika pale tunakuwa sawa, mimi na yeye. Nikifunua unaofuata, nakuwa nimeendelea mbele nimemwacha."

Nikaupapasa ule ukurasa wa 143 kwa kidole.

"Na nilikuwa bado sijajua nani kashinda," akasema. "Maadamu nilikuwa sijajua, alikuwa bado ana simu ya kunipigia."

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

Akanitazama kama anayetafuta jibu lisiloumiza, akalikosa.

"Ungenipa dawa."

Nililia pale kwenye mkeka kama mtoto aliyepotea sokoni. Nikamwomba msamaha mpaka maneno yakaisha. Akanishika kichwa, akanifuta kwa upindo wa kanga yake, mama yangu, mimi ndiye niliyemuumiza na bado yeye ndiye ananibembeleza.

Nilipotulia nikasema, "Mama, tuanzie 144. Nitakusomea mimi. Kila siku nikitoka kazini."

"Hapana," akasema. "Umeshanisomea."

Akakichukua kitabu, akakitia kwenye droo ya cherehani, akaisukuma.

Sikulala wiki ile. Nikajifungia mwenyewe kwenye kundi, si wiki mbili, moja kwa moja. Mwalimu mstaafu ndiye anayeliendesha sasa.

Jumamosi nikapata wazo. Mnanijua, mimi sikosi dawa. Nikasema, kama kaka kashindwa na hayupo, mimi dada yake nitafua kwa niaba yake. Angalau mama aone ushindi wake kwa macho.

Nikaenda asubuhi na sabuni yangu. Nikajaza beseni. Nikapanda kwenye kiti, nikaanza kuchomoa pazia la sebuleni, vumbi likanimwagikia usoni.

Mama akatoka chumbani.

"Unafanya nini?"

"Nafua mapazia, mama. Umeshinda."

Hakunigombeza. Alikuja, akalishika pazia kwa upande wa chini, akasubiri mpaka nikaliachia. Kisha akaniomba nishuke. Akapanda yeye juu ya kiti, na magoti yake yale, akalirudisha pete moja baada ya nyingine. Nilikuwa nimemshika kiuno asianguke.

Alipomaliza akabaki juu pale, mkono uko kwenye fimbo ya pazia.

"Hii si kazi yako, mwanangu," akasema. "Kuna mtu wake."

Ndugu zangu, mkiona mtu wenu anarudia jambo lilelile, wimbo uleule, njia ileile, hadithi mliyoisikia mara mia, msikimbilie kumsahihisha. Muulizeni kwanza yuko na nani pale anaporudi. Mimi nilikuwa na jibu la kila kitu, na swali dogo kama hilo lilinishinda.

Mama hasomi tena. Jumapili nakwenda kwake, tunakula, tunaongea habari za majirani. Mapazia yana vumbi la miaka miwili, nami nakaa mbele yake nikiwa nimefunga mdomo.